Kununua TV bapa Mombasa: mwongozo kamili, kuanzia ukuta wa nyumba yako

Shangazi yangu wa Kisauni alinipigia simu jioni moja akiwa tayari yuko dukani. "Mwanangu, hapa kuna TV inchi 55, wanasema bei ni ya leo tu. Nichukue?" Nikamuuliza kutoka kochi lake hadi ukuta wa TV ni mita ngapi. Hakujua. Nikamuuliza dirisha liko upande gani, soketi iko wapi, na kama stima ya mtaa wao bado inarukaruka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi narudi nyumbani, njoo tupime." Tulipata mita moja na sentimita 90. Wiki iliyofuata alinunua ya inchi 43, na pesa iliyobaki ikatosha gadi ya stima, braketi ya kuifunga ukutani na antena ya kuweka juu ya paa.

Ndiyo sababu mwongozo huu unaanzia nyumbani. Duka lina TV thelathini zimewashwa kwa pamoja, zote zinang'aa, na muuzaji ana maneno mazuri. Ukifika pale bila vipimo, utanunua kile ambacho duka linataka kukuuzia.

Pima ukumbi kabla ya kuuliza bei

Inchi za TV hupimwa kwa mshazari, yaani kutoka pembe ya chini ya skrini hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa hiyo TV ya inchi 43 haina upana wa inchi 43. Skrini yake ina upana wa kama sentimita 95 na kimo cha sentimita 54. Ya inchi 32 ina upana wa kama sentimita 71, ya 50 ni 111, ya 55 ni 122, na ya 65 ni 144. Ukitaka kuona kwa macho, chukua leso uishike ukutani. Leso ina upana wa kama mita moja na nusu, na TV ya inchi 65 inaikaribia. Ipachike kwa seloteipu, rudi ukae kwenye kochi, utazame. Nyumba nyingi za kupanga za Majengo, Mikindani au Likoni zitakujibu papo hapo.

Sasa pima kutoka macho yako ukiwa umekaa hadi ukutani. Hesabu ninayoitumia ni rahisi: mshazari wa TV uzidishe mara moja na nusu hadi mara mbili. TV ya inchi 43 ina mshazari wa sentimita 109, kwa hiyo inataka ukae kati ya mita 1.6 na 2.2. Ya 32 inatosha mita 1.2 hadi 1.6. Ya 55 inataka mita 2.1 hadi 2.8, na ya 65 inataka mita 2.5 kwenda juu. Kama nyumbani kwako mnatazama zaidi habari na vipindi vya chaneli za bure, kaa upande wa mbali wa hesabu hiyo, kwa sababu picha isiyo kali ikikuzwa kwenye skrini kubwa huonekana kama imepakwa maji.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya maelekezo havilisemi kwa kuwa havikuandikiwa kumbi zetu. Sisi hatukai safu moja mbele ya TV kama sinema. Makochi yamezunguka kuta tatu, watoto wako mkekani, na mgeni amekaa pembeni karibu na mlango. Ukinunua TV ambayo rangi zake hufifia ukiitazama kwa ubavu, nusu ya nyumba itakuwa inatazama picha iliyopauka. Paneli, yaani ile skrini yenyewe, ziko za aina mbili kubwa: IPS, ambayo hutazamika vizuri hata ukikaa pembeni lakini weusi wake ni wa kijivu kidogo, na VA, ambayo weusi wake ni mzito na mzuri usiku lakini hupoteza rangi ukisogea kando. Muuzaji huenda asijue ni ipi. Huna haja ya kumuuliza. Simama ubavuni mwa TV, inama kidogo, uone uso wa msomaji wa habari unabadilika kiasi gani.

Angalia na mwanga. Nyumba zetu zinafunguliwa madirisha mchana kutwa ili upepo upite, na dirisha likikabili TV utajiona mwenyewe kwenye skrini badala ya mchezo. Ukuta mzuri ni ule ulio ubavuni mwa dirisha. Kama unakaa karibu na bahari, Nyali, Shelly Beach au Mji wa Kale upande wa Ngome ya Yesu, epuka pia ukuta unaopigwa moja kwa moja na upepo wa kusi. Upepo ule una chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu hula matundu ya nyaya na viungo vya ndani polepole mpaka siku moja TV inakataa kuwaka.

Stima: usiruke sehemu hii

Ningeambiwa nichague jambo moja tu la kumwambia mnunuzi wa Mombasa, ningechagua hili. Stima ikipotea, mara nyingi si kule kupotea kunakoua TV, ni kule kurudi. Mtaa mzima friji zinaanza kwa pamoja, pampu zinaanza, nguvu inashuka na kupanda, na TV iliyoachwa kwenye soketi inapokea kishindo chote.

Kinga yake ni gadi ya TV: kile kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye soketi, kisha TV ikachomekwa kwake. Stima ikipanda au kushuka kupita kiasi, inakata. Ikirudi, inasubiri itulie kwanza ndipo iipitishe. Ekstensheni yenye taa nyekundu na swichi nyingi si gadi, hata kama imeandikwa maneno makubwa. Nunua gadi siku ileile ya TV, duka linalojulikana, na uiweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Kama huwezi kununua vyote viwili, shusha inchi za TV mpaka uweze. Nalisema hili kwa uzito wote.

Geuza TV dukani usome kibandiko cha nyuma. Utaona voltiji na wati. Kenya tunatumia volti 240 na Hz 50. TV iliyoandikwa 100–240V huvumilia stima dhaifu kuliko iliyoandikwa 220–240V, na kwa mtaa ambao taa hufifia jioni hiyo ni faida ya kweli. Iliyoandikwa 110–120V peke yake iache, hiyo ilitengenezewa nchi nyingine na ukiichomeka itaungua.

Wati zitakusaidia kuhesabu tokeni. TV yenye wati 80 ikiwaka saa 6 kwa siku inatumia wati-saa 480, yaani karibu nusu yuniti kwa siku na yuniti 14 hivi kwa mwezi. Yenye wati 120 kwa saa zilezile inakula karibu yuniti 22. Chukua ujumbe wako wa mwisho wa tokeni, gawanya pesa uliyolipa kwa yuniti ulizopata, kisha zidisha. Tangu marekebisho ya mwaka 2023, nyumba inayotumia yuniti 30 au chini kwa mwezi hutozwa kiwango cha chini kabisa. Anayeishi na balbu, feni na friji ndogo anaweza kusukumwa nje ya kiwango hicho na TV kubwa peke yake. Si sababu ya kutonunua, lakini ni vizuri ujue kabla ya mwezi kwisha.

Wakati wa masika, radi zikianza, chomoa TV ukutani, na uchomoe waya wa antena pia. Watu husahau waya wa antena, na ndio ulio juu ya paa.

Maneno ya kwenye boksi yanamaanisha nini

Dukani utasikia "digitali" na "smati" kana kwamba ni kitu kimoja. Sicho. TV ya digitali ina king'amuzi ndani yake: unachomeka antena, unatafuta chaneli, unapata KBC, Citizen, NTV, KTN na nyingine za bure bila kulipa kila mwezi. TV smati ina programu za intaneti kama YouTube na Netflix. Nyingi siku hizi zina vyote viwili, lakini si zote, kwa hiyo uliza kila moja kwa jina lake.

Kwa upande wa king'amuzi, herufi unazotafuta ni DVB-T2. Huo ndio mfumo tunaotumia Kenya tangu matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka 2015. Angalia ile 2 ya mwisho: TV iliyoandikwa DVB-T peke yake haitapata chaneli zetu mpaka ununue king'amuzi cha pembeni. Hili linawahusu sana wenye ndugu Ghuba. Mjomba anarudi kutoka Dubai na TV nzuri, anaifungua kwa furaha, halafu haikamati chaneli hata moja. Kabla hajainunua huko, mwombe akutumie picha ya kibandiko cha nyuma na ukurasa wa maelezo. Muulize pia kuhusu waranti, maana waranti ya huko mara nyingi haitambuliwi huku, na aina fulani za TV smati hufungiwa eneo zilikouzwa. TV za kutoka Marekani hutumia mfumo wa ATSC, ambao hapa hauna kazi.

Ukali wa picha huhesabiwa kwa pikseli, vile vidoti vidogo vinavyounda picha. HD ya kawaida ni 1366 kwa 768, pikseli kama milioni moja. Full HD ni 1920 kwa 1080, milioni mbili. 4K ni 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Kwa inchi 32, HD inatosha na Full HD ni nzuri. Kwa 43, usishuke chini ya Full HD. Kuanzia 50 chukua 4K. Ila soma boksi kwa makini: maneno kama "inakubali 4K" yanaweza kumaanisha kwamba TV hupokea picha ya 4K kisha inaipunguza kwenye paneli ya Full HD. Tafuta namba za pikseli zenyewe zilizoandikwa kama za paneli, 3840 x 2160. Zisipoandikwa popote, chukulia hazipo.

QLED si aina mpya kabisa ya TV. Ni LCD, skrini isiyojiwakia yenyewe, yenye taa za LED nyuma na utando unaoboresha rangi. OLED ni kitu kingine: kila pikseli inawaka yenyewe, weusi ni weusi wa kweli, picha inapendeza mno usiku. Lakini ni ghali, na nembo ya chaneli ikikaa pembeni saa nyingi kila siku kwa miaka inaweza kuacha alama. Kwa nyumba ambayo TV inawaka kutoka asubuhi hadi usiku kwenye chaneli ileile, mimi singeinunua. LED ya kawaida ya kampuni inayojulikana, yenye paneli nzuri, inatosha familia nyingi.

Kwenye mfumo wa smati, angalia jina: Google TV, Android TV, Tizen, webOS, VIDAA. Tahadhari na TV za bei rahisi sana ambazo ukurasa wake unafanana na Android lakini hazikuidhinishwa na Google. Dalili yake ni kwamba YouTube si ile rasmi, hakuna duka la programu la Google, au Netflix inafunguka kama ya simu na kuendeshwa kwa kishale kama cha panya. Baada ya mwaka mmoja programu zinakataa kufunguka moja baada ya nyingine. Ukiona hivyo, bora ununue TV ya digitali isiyo smati, na siku ukipata pesa uichomeke kijiti cha smati, kidude kinacholeta programu za intaneti, kwenye tundu la HDMI, lile la kupitisha picha na sauti.

Na kabla ya kulipia 4K kwa ajili ya Netflix, fikiria bando. Saa moja ya filamu ya HD inaweza kula hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Mwenye faiba nyumbani hana wasiwasi. 4K inataka kasi ya megabiti 15 kwa sekunde na Full HD inatosheka na 5. Anayetegemea hotispoti ya simu atazame hesabu hiyo vizuri.

Matundu: HDMI tatu ni bora, mbili ndiyo kima cha chini. King'amuzi kimoja, mashine ya michezo ya watoto, spika ya pembeni, tayari zimejaa. Hesabu vitu vyako.

Pesa: taslimu, kidogo kidogo, au chama

Amua kiwango chako kabla ya kutoka nyumbani, na ukigawe. Tuseme una shilingi 40,000. Usitafute TV ya 40,000. Toa kwanza gadi, braketi, antena na waya wake, kazi ya fundi na nauli ya tuktuk, ndipo kinachobaki kiwe bei ya TV. Wengi hununua TV kwa pesa yote kisha inakaa mwezi mzima sakafuni juu ya boksi lake, watoto wakipita karibu na mpira.

Kulipa kidogo kidogo kunasaidia, lakini jumlisha mwenyewe kwa karatasi. Kwa mfano, TV ya taslimu 35,000: ukiambiwa utoe 7,000 leo na 3,500 kila mwezi kwa miezi 12, jumla ni 49,000. Umeongeza 14,000, karibu bei ya TV ndogo ya pili. Uliza pia ukichelewa mwezi mmoja inakuwaje, na kama aina fulani ya TV hufungwa kutoka mbali usipolipa. Wenzetu wanaojiepusha na riba wanaweza kuuliza murabaha kwenye benki za Kiislamu, ambapo benki inainunua TV na kukuuzia kwa faida iliyotajwa wazi tangu mwanzo. Na chama cha akina mama cha mtaa bado ndiyo njia niipendayo zaidi: zamu yako ikifika unaingia dukani na taslimu, na mwenye taslimu hupunguziwa.

Bei uliza maduka matatu au zaidi, siku tofauti na siku ya kununua. Zunguka katikati ya mji, Digo Road, Moi Avenue, Mwembe Tayari, kisha pita hata zile za Nyali ujue tofauti. Chukua namba kamili ya modeli, zile herufi na tarakimu ndefu, maana TV mbili za kampuni moja na inchi sawa zinaweza kuwa vitu viwili tofauti ndani. Ukiwa na namba ya modeli, unalinganisha kitu kilekile. Majadiliano yakifika mwisho na bei haishuki tena, omba vitu: "Basi bwana, niongezee braketi na waya wa HDMI." Mara nyingi hapo ndipo muuzaji hulegea.

Ukinunua mtandaoni, lipa ukishaiona ikiwaka. Anayetaka "pesa ya usafiri kwanza" kwenye namba ya mtu binafsi, mwache. Hata dukani, ukilipa kwa Lipa na M-Pesa, soma jina la till linalotokea kwenye simu yako. Lifanane na jina la duka lililo kwenye risiti.

Dukani: isitoke bila kuwaka

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua TV ya inchi 40. Muuzaji aliniambia boksi likifunguliwa waranti inakufa, nami nikamwamini. Nilifika nyumbani, nikafungua, nikawasha, na pembe ya kushoto ilikuwa na ufa kama utando wa buibui chini ya kioo. Nikarudi siku ileile. Jibu lilikuwa, "Hiyo umeivunja njiani." Sikuwa na ushahidi wowote. Kioo cha paneli kikipasuka, kukibadilisha hugharimu karibu sawa na TV mpya, kwa hiyo hasara ilikuwa yangu nzima. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji akikataa kuifungua na kuiwasha ile TV yenyewe utakayoibeba, si ile ya maonyesho, mshukuru uondoke.

Nenda na flashi ndogo. Weka ndani picha tano za rangi moja tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Weka kipande cha mpira wa miguu, kipande cha 4K, na wimbo mmoja wa taarabu unaoujua vizuri. Kisha fanya hivi, bila haraka:

1. Linganisha namba ya modeli na namba ya mfululizo (serial) ya kiwandani iliyo kwenye boksi, iliyo nyuma ya TV, na itakayoandikwa kwenye risiti. Ziwe sawa. Tafuta pia kibandiko cha KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, ambacho bidhaa za kutoka nje hupaswa kuwa nacho.

2. Iwashe, uiondoe kwenye ile hali ya duka yenye rangi kali. Skrini ya duka huwekwa mwangaza wa juu kabisa ili ishinde taa za duka. Chagua hali ya kawaida ndipo utazame.

3. Pitisha picha za rangi moja. Kwenye nyeupe tafuta vidoti vyeusi na mabaka ya manjano. Kwenye nyeusi omba wapunguze taa ikiwezekana, utafute mwanga unaovuja pembeni. Kidogo kwenye pembe ni kawaida. Baka kubwa katikati si kawaida. Kwenye rangi tatu tafuta kidoti kilichokwama.

4. Cheza mpira. Fuata mpira unaporuka kasi; ukiona mkia mrefu nyuma yake, kila mchezo utakuwa hivyo.

5. Cheza taarabu, na hapa ndipo wengi hawafiki. TV nyembamba zina spika dhaifu, na ukumbi wako una feni inayovuma juu. Ongeza sauti mpaka ukadirie inashinda feni. Sauti ya mwimbaji ikianza kupasuka na udi ukapotea, utahitaji spika ya pembeni. Iweke kwenye hesabu.

6. Chomeka kitu katika kila tundu la HDMI na kila la USB. Unganisha waifai kwa hotispoti ya simu yako, fungua YouTube. Chomeka antena ya duka, tafuta chaneli.

7. Simama ubavuni, kama nilivyosema juu.

Dakika ishirini zinatosha. Muuzaji mzuri hatanuna. Yeye pia hataki urudi kesho.

Risiti iwe na jina la duka, tarehe, modeli, namba ya mfululizo, bei na muda wa waranti. Uliza waranti ni ya nani: ya duka au ya kampuni? Fundi yuko Mombasa au TV itapelekwa Nairobi, na nauli ni ya nani? Inashughulikia paneli au vipuri vya ndani tu? Yaandikwe. Ukikwama baadaye, kumbuka kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Lakini haki hiyo hutembea na risiti mkononi.

Kuhusu TV zilizotumika kutoka Uingereza: zipo nzuri, na za HD za huko mara nyingi zina DVB-T2. Ila taa za nyuma tayari zimechoka kiasi. Iache iwake nusu saa nzima ukiwa palepale, ushike mgongo wake usikie joto, na usilipe zaidi ya nusu ya bei ya mpya ya inchi sawa.

Kuifikisha na kuifunga

TV husafiri imesimama, kama ilivyochorwa kwenye boksi. Ukiilaza, uzito wa kioo hukaa katikati na shimo moja la barabarani linatosha kuipasua. Ya 32 au 43 inaingia tuktuk, ukae nayo nyuma ukiishika. Boksi la 55 linapita mita 1.3, tafuta pikapu au ulipie duka lilete. Bodaboda usithubutu. Wanaovuka kwenda Likoni, msivuke na TV jioni watu wanapotoka kazini. Nunua asubuhi, vuka mchana feri ikiwa na nafasi, na ushuke wa mwisho.

Ukitoka duka lenye AC na kuingia nyumba yenye joto na unyevu, iache TV saa mbili kabla ya kuiwasha. Ubaridi wa ndani hukusanya matone ya maji usiyoyaona, na maji na stima havikai pamoja.

Ukuta wetu una mambo yake. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukitoboa kwa pupa, unga unamwagika na skrubu inacheza. Fundi atumie bolti ndefu zinazofika kwenye jiwe lenyewe, ajaribu kila moja kwa kuning'inia nayo kwa mkono kabla ya kupandisha TV. Akikuambia ukuta umeoza, mwamini, weka TV juu ya meza nzito. Braketi ilingane na umbali wa matundu ya nyuma ya TV, unaoandikwa kwa milimita, kama 200 x 200. Katikati ya skrini iwe usawa wa macho ya mtu aliyekaa, kama mita moja au zaidi kidogo kutoka sakafuni; zile zinazopachikwa karibu na dari huumiza shingo. Acha nafasi ya sentimita kumi nyuma na juu ipate hewa.

Antena ya juu ya paa elekeza zinakoelekea za majirani wenye picha safi, kisha utafute chaneli upya.

Wiki ya kwanza

Ukiulizwa na TV mwanzoni kama iko dukani au nyumbani, chagua nyumbani. Shusha mwangaza wa taa za nyuma hadi kiwango kinachokutosha, labda nusu yake wakati wa usiku, na zaidi kidogo mchana. Taa za nyuma ndizo huungua kabla ya kitu kingine kwenye TV nyingi za LED, na kila unavyozisukuma ndivyo zinavyokwisha haraka. Habari njema ni kwamba fundi mzuri huzibadilisha bila kununua paneli.

Futa skrini kwa kitambaa laini kikavu, TV ikiwa imezimwa. Sabuni ya vioo vya madirisha usiitumie kamwe. Ukipenda kuifunika kwa leso dhidi ya vumbi na chumvi, ngoja ipoe kwanza.

Boksi na maboya yake, yale ya povu yanayoishika TV ndani, usitupe mpaka waranti iishe. Ukitakiwa kuipeleka kwa fundi, hakuna kitakachoibeba salama zaidi. Piga risiti picha, maana karatasi zile hufifia kwa joto letu, kisha bandika yenyewe kwa seloteipu ndani ya kifuniko cha boksi. Na iwashe kwa saa nyingi wiki hiyo ya kwanza, chaneli zote, matundu yote, huku duka likiwa bado linakukumbuka sura.